Kumbukumbu ya mradi: kiifremu na picha mnato za Beit al-Ajaib

Filamu inayotengenezwa ni ya dakika 6, na ndani yake hamna hata sekunde moja iliyopigwa kwa kamera ya video. Yote ni picha mnato za Beit al-Ajaib na ufukwe wake, Mji Mkongwe wa Zanzibar: kuanzia miaka michache baada ya Sultani Barghash kulijenga jumba hilo mwaka 1883, hadi baada ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ilipoanguka wakati wa ukarabati. Uhariri unafanyika kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, kwa pikseli 1920 × 1080 na fremu 25 kwa sekunde. Idadi ya fremu ipangwe kabla ya kuweka picha yoyote kwenye mstari wa wakati, kwa sababu Resolve huanza na 24, na ukishaanza kupanga klipu haikubali tena kubadilishwa.

Kazi nzima inategemea kiifremu, yaani ile almasi ndogo inayoiambia programu: kwenye fremu hii picha iwe na ukubwa huu na ikae mahali hapa. Ukiweka mbili, programu inajaza zilizo katikati. Hilo mtu analielewa kwa dakika tano. Kinachochukua muda ni kuamua jicho la mtazamaji lifike wapi, na kuhakikisha picha ina pikseli za kutosha kulifikisha huko.

Skani kwanza

Postikadi ya zamani ya sentimita 9 kwa 14 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa takriban pikseli 1654 × 1063. Hiyo haitoshi hata kujaza fremu ya 1920, achilia mbali kuisogelea. Kwa nukta 600 inatoa 3307 × 2126, na hapo ndipo kazi inapowezekana. Skani zote za mradi huu zimefanywa kwa 600 au zaidi. Zilizopatikana zikiwa ndogo kuliko hapo zinawekwa bila mwendo wowote, zikiwa na nafasi tupu pembeni. Picha ndogo iliyotulia inaheshimika kuliko picha ndogo iliyovutwa mpaka sura za watu zikawa ukungu.

Kila picha inaandikiwa namba mbili kabla ya kuguswa: sakafu na dari. Resolve, kwa mpangilio wake wa kawaida, huingiza picha nzima ndani ya fremu na kuiita hali hiyo Zoom (kiwango cha kukuza) 1.00. Skani ya 4000 × 3000 hapo inaonekana kwa 1440 × 1080, na pembeni kunabaki weusi. Sakafu ni 1920 ÷ 1440, yaani 1.34 ukiongeza kidogo. Chini ya hapo weusi unaonekana. Dari ni 3000 ÷ 1080, yaani 2.78, juu ya hapo programu inabuni pikseli ambazo hazipo. Ile postikadi ya nukta 600 ina sakafu ya 1.15 na dari ya 1.96. Hii ndiyo sababu filamu haifanywi kwa 4K, yaani fremu yenye upana na urefu maradufu: dari zote zingekatika nusu, na postikadi isingejaza fremu.

Picha zilizochapwa vitabuni ni kesi ya peke yake. Zina vitone vya wino vilivyopangwa kwa mistari, na fremu ikianza kusogea vitone hivyo vinachora mawimbi. Skani kwa nukta 1200, tia ukungu wa pikseli 2 hadi 3, kisha punguza picha hadi ukubwa unaohitajika. Ukipunguza kabla ya kutia ukungu, mawimbi yatakuwa yameshaingia na hayatoki.

Jambo dogo linalosumbua wengi: faili zenye majina yanayofuatana, kama picha_001, picha_002, Resolve huziona ni video moja na kuziingiza kama klipu moja. Nenda kwenye menyu ya vitone vitatu katika dirisha la midia, Frame Display Mode, chagua Individual.

Mnara

Sehemu hii ndiyo kiini cha filamu. Mpaka mwaka 1896 mnara wenye saa ulisimama peke yake mbele ya majumba, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga, katika vita visivyofika saa moja. Mnara uliharibika ukabomolewa, na Beit al-Ajaib ilipokarabatiwa mwaka 1897 mnara mpya ulijengwa ukiwa umeshikamana na uso wa jumba. Kwa hiyo mnara ndio kalenda ya picha hizi: ukiona umesimama mbali na jumba, picha ni ya kabla ya vita, ukiuona juu ya uso wa jumba, ni ya baada. Mtazamaji ambaye hajaambiwa lolote anaweza kuliona hilo mwenyewe, mradi mwendo wa fremu umpeleke pale.

Ndiyo maana kila mwendo hapa unatengenezwa kuanzia mwisho. Mhariri anasogeza kishale cha wakati hadi mahali sauti ya msimulizi inapotaja mnara, anaweka kiifremu ya mwisho, ndipo anarudi mwanzo kuweka ya kwanza. Ukianza na ya kwanza, utaishia popote muda utakapokuishia.

Hesabu yake ni nyepesi. Pima umbali wa unachokilenga kutoka katikati ya picha ikiwa kwenye Zoom 1.00, zidisha kwa Zoom ya mwisho, geuza alama. Katika picha ya kwanza, ya 4000 × 3000, ncha ya mnara iko pikseli 120 kushoto kwa katikati. Zoom ya mwisho ni 2.10. Basi Position X ya mwisho, yaani kiasi cha kuisogeza picha kando, ni 252, na ncha inatua katikati kabisa. Halafu hakikisha ukingo hautoki: kwa 2.10 picha ina upana wa 3024, ukitoa 1920 na kugawa kwa mbili unabaki na 552 kila upande. 252 iko ndani. Wima unahesabiwa vivyo hivyo.

Picha ya pili, ya baada ya 1897, inaingia kwa mkato mkavu, bila kuyeyukiana, na mnara wake unatakiwa ukae palepale ulipokuwa mnara wa kwanza, kwa urefu uleule. Mnara wa kwanza una urefu wa pikseli 150 kwa Zoom 1.00, wa pili 210. Hesabu ya awali ilikuwa picha ya pili ianze kwa 1.40, mnara uwe na pikseli 294. Lakini katika picha hiyo ncha iko pikseli 60 kulia, kwa hiyo Position X inahitaji −84, na kwa 1.40 nafasi iliyopo ni 48 tu. Mstari mweusi unachomoza upande wa kulia. Kwa 1.50 nafasi ni 120 na hitaji ni −90, inatosha. Mnara unakuwa 315, ndiyo maana picha ya kwanza inaishia kwa 2.10, kwa kuwa 315 ÷ 150 ni 2.10. Picha mbili za mkato kama huu zihesabiwe pamoja, ile yenye nafasi finyu ndiyo iamue.

Kasi inayobaki sawa machoni

Kuna kasoro ambayo wengi huilaumu kompyuta. Picha ikivutwa kutoka 1.00 hadi 2.00 kwa mwendo ulionyooka, inaonekana kuanza haraka na kuchoka mwishoni. Programu inaongeza kiasi kilekile kila fremu, ila jicho linapima kwa uwiano: nyongeza ya 0.01 kwenye 1.00 ni asilimia moja, kwenye 2.00 ni nusu asilimia. Ukirudisha nyuma, kinyume chake: mwendo unaongezeka kasi kadiri unavyokwenda. Dawa ni kiifremu ya katikati ambayo si wastani wa kujumlisha, bali kipeuo cha pili cha zao la namba mbili hizo. Kati ya 1.00 na 2.00, weka 1.41 badala ya 1.50.

Kwa mnara, mwendo ni wa sekunde 10, fremu 250, kutoka 1.34 hadi 2.10. Katikati, kwenye fremu ya 125, ni 1.68. Position X hapo haiwi nusu ya 252. Ifuate Zoom: (1.68 − 1.34) ÷ (2.10 − 1.34) × 252, yaani 113. Ukiweka 126 ncha haitakwenda sambamba na uvutaji. Vilevile Zoom na Position zilainishwe kwa namna moja. Zoom ikitangulia huku Position bado imelala, mnara unakimbilia kwanza pembeni, kisha unarudi katikati kwa upinde. Mtazamaji hatajua kimetokea nini, lakini atahisi picha imeteleza.

Njia salama ni kubofya almasi iliyo kwenye kichwa cha Transform, sehemu yenye Zoom na Position, si ile ya mstari mmoja mmoja; hapo Zoom na Position zinapata kiifremu kwenye fremu ileile. Na kurudi kwenye kiifremu kurekebisha, tumia mishale iliyo kando ya almasi. Kishale cha wakati kikiwa kimepita kwa fremu moja tu, Resolve inaongeza kiifremu mpya bila kuuliza, na hiyo ndiyo asili ya mishtuko mingi ya ghafla.

Dynamic Zoom, njia ya Resolve ya kuvuta picha bila kuweka kiifremu, yenye mstatili wa kijani wa mwanzo na mwekundu wa mwisho, ni ya haraka na inatosha kwa picha za kujaza. Haijatumika kwenye mnara kwa sababu inajinyoosha kufuata urefu wa klipu: ukipunguza klipu, kasi inabadilika, na ukiikata vipande viwili, kila kipande kinarudia mwendo wote toka mwanzo. Kiifremu zenyewe hazina tabia hiyo, ila ukikata mwanzo wa klipu unaweza kupoteza ya kwanza, basi kata kwanza, kisha ndipo uweke.

Wanaotumia Kdenlive, programu nyingine ya kuhariri, watafanya haya kwa athari ya Transform. Waangalie aina ya kiifremu inayolainisha: ukiweka kiifremu mbili zinazofanana ili picha itulie, mkunjo unaweza kuipitisha picha mahali pake kidogo na kuirudisha. Kwenye sehemu za kutulia, weka mwendo ulionyooka. Kwenye simu, CapCut ina almasi ileile na mikunjo ya kulainisha. Tatizo ni kwamba vidole haviwezi kufanya hesabu ya 113 dhidi ya 126.

Kuambaa na kumetameta

Mandhari ya bandari, ndefu kwa upana, inaambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kitu kisivuke upana mzima wa fremu kwa chini ya sekunde 10, yaani pikseli 7 hadi 8 kwa fremu. Zaidi ya hapo, kwa fremu 25 na picha isiyo na ukungu wa mwendo, milingoti ya majahazi inaonekana kurukaruka. Polepole mno nako kuna adhabu: programu inayokadiria kwa pikseli nzima, ikipewa theluthi ya pikseli kwa fremu, itasimama fremu mbili na kuruka ya tatu. Picha inatetema. Ongeza mwendo au ufupishe klipu.

Uso wa Beit al-Ajaib ni mtihani mgumu zaidi. Una nguzo nyembamba za chuma na roshani zenye vizuizi vya mistari myembamba, ghorofa juu ya ghorofa. Picha kubwa ikibanwa hadi Zoom ya chini huku inasogea, mistari hiyo inametameta kwa sababu ni myembamba kuliko pikseli za fremu, na kila fremu inaidaka tofauti. Vibaya zaidi ni mwendo wa kupanda au kushuka. Kilichofaa ni kuandaa nakala ya picha iliyopunguzwa, yenye pikseli takriban mara 1.2 ya zile zinazohitajika kwenye Zoom ya juu inayotumika, kuweka kichujio cha kubadili ukubwa kuwa Smoother, na kwa picha mbili zenye ukaidi, ukungu wa pikseli 0.7. Mtu akisimamisha video ataona ulaini kidogo. Ikitembea, hauonekani.

Panapokuwa na picha kuyeyukiana kwa sekunde moja, mwendo uendelee fremu 25 hadi mwisho kabisa wa klipu. Picha inayosimama wakati inafifia inafanya kama imegonga ukuta.

Kutoa faili

Video inabanwa kwa mfumo wa H.264, kwa megabiti 16 kwa sekunde. Dakika 6 zinatoa takriban megabaiti 720. YouTube wenyewe wanapendekeza 8 kwa 1080 ya fremu 25, lakini watabana tena, na chembe za picha za zamani zikisogea polepole huwa ndizo za kwanza kugeuka vibonge. Kwa WhatsApp, faili litumwe kama hati.

Kilichobaki ni toleo la wima, 1080 × 1920, na hapo kiifremu za sasa hazinakiliki. Picha ileile ya 4000 × 3000 sasa inaingia kwa 1080 × 810, sakafu inakuwa 2.38 na dari 3.70. Nafasi ya kupanda na kushuka karibu inaisha, ya kando inafika takriban pikseli 740 kila upande. Mnara, kwa kuwa ni mrefu na mwembamba, utafaidika. Bandari italazimika kuambaa kwa sekunde 14 au kugawanywa klipu mbili, na sauti ya msimulizi pale ina sekunde 11 tu, kwa hiyo itagawanywa.