Masika baiskeli haikai ndani

Kila mwaka mvua za Machi zikianza, kazini hakosekani wa kuniuliza, "Sasa dada, baiskeli unaiweka mpaka lini?" Haiwekwi. Naishi Pasua, hapa Moshi, kazi yangu iko juu upande wa hospitali ya KCMC, na nanyonga baiskeli Januari mpaka Desemba. Wanaouliza wanadhani shida ni kulowa. Kulowa si neno. Koti la mvua ninalo, nguo za kazi nazifunga kwenye kipande cha turubai juu ya keria, nikifika nabadilisha, siku inaendelea. Kinachonisumbua ni breki wakati wa kuteremka, na ukingo wa lami.

Mji wetu umelala kwenye mteremko. Mlima Kilimanjaro uko kaskazini, mpunga wa Mabogini na miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC iko kusini, kwa hiyo mtu wa Pasua asubuhi anapanda na jioni anashuka. Kupanda ni pumzi tu. Unapita Mbuyuni watu wanashusha mizigo, unafika mnara wa saa, raundiabauti ya YMCA, halafu miti ya Shanty Town inaanza na hewa inabadilika. Ukichoka unashuka unakokota, hakuna anayekudai.

Kushuka ndiko kunataka akili. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, wenye kikapu mbele na dinamo. Breki ya nyuma ni ya ngoma, ya mbele inabana rimu. Rimu ikilowa, mpira wa breki kwanza unafuta maji, ndipo unashika, na kabla haujashika bajaji iliyo mbele yako imeshasimama kupakia abiria. Kwa hiyo kwenye mvua nabana mapema, kidogo kidogo, mikono yote miwili, tangu kule juu kabla mwendo haujakolea. Tope la masika nalo lina mchanga ndani yake, linakula mpira upesi kuliko miezi yote ya jua. Jumamosi nageuza baiskeli miguu juu, naosha rimu, nachokoa vichanga vilivyonasa kwenye mpira kwa ncha ya msumari. Ukiviacha vinakwangua rimu, na rimu si kitu cha kununua kila mara.

Reli je? Kwa miaka mingi watu walivuka bila hata kugeuza shingo, mpaka treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019. Siku hizi unatazama. Na chuma kikilowa, usikivuke kimshazari, gurudumu la mbele litateleza. Kivuke moja kwa moja, bila kugusa breki.

Kuanzia Juni mpaka Agosti ni ubaridi na mawingu, na asubuhi inachelewa. Julai jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, wakati Novemba ni kama nusu saa kabla ya hapo. Mwezi wa saba basi natoka nyumbani gizani. Dinamo inatoa mwanga gurudumu likizunguka tu, ukisimama taa inazima, kwa hiyo navaa kizibao cha rifleksta juu ya sweta. Oktoba mijakaranda inachanua, inapendeza kweli, ila maua yake yakianguka na yakapata manyunyu, kona inakuwa na utelezi mbaya.

Kiangazi kina vumbi na mbigili. Mnyororo ukiupaka oili nzito, vumbi linaganda na unakuwa msasa unaojisaga wenyewe. Mimi kiangazi natumia mafuta ya cherehani, masika ndipo naweka oili nzito, maana ile nyepesi mvua inaisafisha siku hiyohiyo. Mbigili hazina dawa, zina fundi. Fundi wangu yuko chini ya mti karibu na Mbuyuni, na napenda kumtazama akifanya kazi. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizungusha kwenye beseni la maji mpaka vipovu vitoke. Anaweka alama, anakausha, anakwangua kwa msasa, anapaka solusheni, kisha anaiacha. Wateja wakimhimiza hasikii, anasubiri solusheni ikauke ndipo abandike kiraka. Wakati huo anapitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, duara zima. Safari iliyopita alisimama mahali fulani, akachomoa kichwa cha mwiba kwa meno ya koleo, akaniwekea kiganjani. "Dada, tyubu haina kosa. Ningefunga hivihivi, ungerudi hapa kesho."

Sasa ukingo wa lami. Asubuhi sinyongi peke yangu. Nakutana na wanaume wanaokokota baiskeli zimejaa majani na mabua kutoka huku tambarare, wanapeleka kwa ng'ombe wa Kibosho na Uru, maana kule juu ng'ombe analishwa zizini na nyasi hazitoshi. Wengine wanashuka na mikungu ya ndizi ya sokoni. Wote tunapita pembeni kabisa, na pembeni ndipo lami inapokatika. Maji ya mvua yamechimba udongo mpaka pamebaki ngazi, mahali pengine inafika shibiri nzima. Basi likija nyuma linapiga honi, maana yake shuka. Mimi na kikapu changu naweza kushuka. Mwenye majani hawezi, mzigo umempita kimo, gurudumu likidondoka pale analala nao. Nimeshamwinua mmoja, kiwiko kinavuja damu, na cha kwanza alichouliza ni kama kamba imekatika.

Mashimo ya katikati yanazibwa, nashukuru. Lakini ukingo unaachwa vilevile, na dawa yake inajulikana: kifusi kimwagwe mpaka kilingane na lami, kishindiliwe, na maji yaelekezwe mtaroni. Kifanyike Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu. Nimelisema kwenye mkutano wa mtaa na likaandikwa. Mkutano ukiitwa tena nitalirudia, na safari hii nitakwenda na wawili watatu wa majani, waseme wenyewe.