Jiko la mama, Mikindani

Leo mama amepika kwa mara ya kwanza kwenye jiko lake jipya, nami nimekaa mlangoni namwangalia tu. Nasema jipya, ila karibu kila kitu humo kimeshatumika kwingine.

Meza ndefu ya kukatia ni milango miwili ya mvule, jirani aliing'oa alipoweka ya chuma. Aliniachia kwa shilingi 40,000. Siku nzima tulitoa misumari mmoja mmoja, maana msumari uliosahaulika unaharibu randa ya fundi. Rangi ya kahawia ya mvule ilipoibuka chini ya ile ya kijani, machozi yalinilenga.

Rafu ni mbao za mashua iliyovunjwa ufukweni. Hizo zilinisumbua! Zimenyonya chumvi miaka na miaka, ikabidi nizioshe kwa maji ya bomba mara kadhaa, kisha nizianike kivulini wiki tatu. Jua kali lingezipasua. Na ukiona vitundu vidogo vinamwaga unga mpya, bungua wako hai humo. Usiuchukue ubao huo hata ukipewa bure.

Ukutani nimepaka chokaa. Nyumba hizi za mawe ya matumbawe lazima zipumue, rangi ya mafuta inafungia unyevu ndani na plasta inabanduka. Makabati hakuna, chini ya meza ni pazia la kanga. Sinki na mabomba nimenunua mapya, hapo sikubana pesa.

Mama aliomba kitu kimoja: mbuzi yake ya kukunia nazi ikae karibu na dirisha. Ipo hapo. Pweza wa nazi ameiva, naitwa.