Haya, lete kidole

Leo siku ya tatu na sauti ya yule nesi wa kliniki bado inanirudia. Nikikoroga uji wa binti yangu naisikia. Nikisimama mbele ya mstari wa asubuhi shuleni naisikia. Jana nimeisikia mpaka nikiwa kwenye sijda, Mwenyezi Mungu anisamehe. "Mama, hizi namba umeziandika lini?"

Hakusema kwa ukali, ndiyo maana haitoki. Angefoka ningesema amechoka, maana foleni ya Jumanne ilikuwa ndefu, wajawazito wamekaa mpaka barazani, mmoja amelalia bega la mwenzake asiyemjua. Lakini alisema kwa upole, huku anatabasamu, kama mtu anayekupa nafasi ya kuungama.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Wiki ya 26 nilinyweshwa yale maji ya glukosi, gramu 75, nikapimwa kabla na baada, nikatoka na 5.4 nikiwa na njaa na 9.1 baada ya saa mbili. Mipaka ni 5.1 na 8.5. Kisukari cha mimba. Sasa niko wiki ya 32 na sijaanzishiwa dawa yoyote. Nimepewa chakula, miguu na daftari.

Daftari lenyewe ni la kurasa 48, lile la wanafunzi lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nimelipiga mistari kwa rula: tarehe, alfajiri kabla ya kula, baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, baada ya chakula cha usiku. Kalamu ya bluu nimeifunga kwa uzi kwenye jalada, kwa sababu binti yangu akiiona kalamu haikai siku mbili nyumbani humu. Kwa hiyo ndiyo, kalamu ni moja. Mwandiko ni mmoja. Nafundisha darasa la nne mwaka wa tisa huu, mwandiko wangu ndio huo hata saa kumi na moja alfajiri.

Yakaenda hivi.

"Mama, hizi namba umeziandika lini?"

"Kila siku, dada. Nikipima naandika."

"Wiki mbili zote? Kalamu moja?"

"Ndiyo, dada."

Akafunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, akapitisha ukucha juu ya safu ya alfajiri. 4.8, 4.9, 5.0, 4.7. "Wiki ya 32," alisema, ila hakuniambia mimi, aliiambia kadi. Kisha akavuta kile kikopo cha pamba.

"Haya, lete kidole."

Nikatoa kidole. Ilikuwa saa mbili kamili tangu nile. Ikasoma 6.1. Mpaka waliotupa wenyewe kwa saa mbili ni 6.7. Akaandika kwenye kadi, akanirudishia daftari, akaita mwingine. Basi. Hata "haya, vizuri" sikuipata.

Tangu hapo nimeshamjibu mara mia. Nikiwa bafuni namjibu kwa heshima: dada yangu, mimi ni mwalimu, naandika hivi hivi. Nikiwa kwenye bajaji namjibu kwa hasira: njoo kwangu alfajiri ushuhudie. Usiku wa kuamkia leo nimemjibu kwa machozi, baba watoto akaamka akadhani ni uchungu, akaanza kutafuta kadi ya kliniki gizani. Jumamosi mdogo wangu ameolewa, nyumba ililaza wageni kumi na saba, Jumatatu mwalimu mkuu wetu kapata uhamisho, na mimi nimekaa hapa nabishana na mtu ambaye pengine hanikumbuki hata sura.

Kinachoniuma ni kwamba zile namba nimezitolea jasho. Namba 56, nimezihesabu. Kichupa cha vijiti 50 vya kupimia hakifiki wiki mbili, na bei yake mnaijua. Wageni wa harusi kutoka Muheza wamekuja na magunia mawili ya machungwa, uani kote kunanukia maganda, watoto wanayanyonya mpaka mikono inanata, na mimi nakula nusu chungwa baada ya chakula, na nyama zake, juisi sigusi. Ile nusu nyingine naiacha kwenye sahani na kuipa mgongo. Kila nusu niliyoiacha imo kwenye lile daftari. Ugali wa dona wa ngumi moja umo, matembele na dagaa yamo, chai ya mchaichai isiyo na sukari imo. Matembezi ya baada ya kula usiku yamo, mpaka msikitini na kurudi hapa Makorora, dakika ishirini, baba watoto nyuma na tochi. Halafu mtu anauliza umeziandika lini.

Na sifanyi hivi kwa kuogopa kugombezwa. Binti yangu alizaliwa na kilo 4.2. Hospitali ile hakuna aliyenipima sukari mimba nzima. Kila aliyeingia wodini alisema mashallah, bonge la mtoto, na mimi nikajaa furaha. Usiku ule akalegea. Hanyonyi, hashtuki ukimfinya unyayo, wakamchukua, nikabaki na khanga tupu mpaka asubuhi. Walimrudisha mzima, na hakuna aliyenieleza kilichokuwa.

Nimekuja kuelezwa mimba hii, miaka sita baadaye, na daktari kijana aliyechora kwenye karatasi. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoifanya insulini ya mama isifue dafu, na kadiri kondo linavyokua ndivyo ukaidi unavyozidi. Sukari ya mama inavuka kwenda kwa mtoto, insulini ya mama haivuki. Basi mtoto anajitengenezea ya kwake, nyingi, kupambana na sukari isiyo yake, na ananenepa. Siku ya kuzaliwa kitovu kinakatwa, sukari ya mama inakoma palepale, lakini ile insulini yake bado imo mwilini. Sukari yake inaporomoka. Aliposema inaporomoka niliiona ile khanga tupu. Ndiyo maana safari hii nataka wampime mara tu akizaliwa, nataka anyonye ndani ya saa ya kwanza, na ndiyo maana naandika kila namba. Mtu wa mwisho duniani wa kuzitunga namba hizi ni mimi.

Jana usiku nikaamua kutafuta ushahidi.

Kipimo kina kumbukumbu ndani, ukibonyeza kitufe kinakurudishia namba za nyuma na tarehe na saa. Jumanne sikukibeba. Mama mkwe naye ana sukari, ya miaka mingi, na kipimo tunatumia kimoja, visindano kila mtu na vyake. Sikutaka kumwacha bila kipimo nisijue nitarudi saa ngapi. Kwa hiyo namba zetu zimechanganyika humo, zangu na zake, ila zake nazijua kwa saa: yeye hupima baada ya Alasiri.

Nikakaa mkekani, daftari gotini, nikaanza kubonyeza. Yeye alikuwa amejilaza upande wa pili nikidhani amesinzia.

"Unatafuta nini usiku huu, mwanangu?"

"Ushahidi, mama."

"Wa nini?"

Nikamsimulia. Yote, na ukucha, na pamba, na "lete kidole". Hakumtukana nesi, hakunipa pole. Alinyamaza, nikaendelea kubonyeza. Kisha akasema, uso ameuelekeza ukutani, "Mimi nakusikia kila alfajiri. Kile kidude kinalia ti, halafu nasikia unafunua daftari. Nikishasikia daftari ndiyo narudi kulala."

Sikujua. Wiki zote hizi nilikuwa nanyata, nikifunika kipimo na khanga kisilie kwa nguvu nisimwamshe. Kumbe mtu amelala macho ananisubiri niandike. Hapo nilijisikia mwepesi, jamani. Nilitaka kuliacha daftari nimkumbatie. Nadhani ningeacha palepale ningelala vizuri sana.

Sikuacha. Nilikuwa nimebakiza siku chache, na zote zilikuwa zinalingana, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika Jumamosi ya harusi, baada ya chakula cha usiku. Daftari linasema 6.4. Kipimo kinasema 7.4.

Nimebonyeza mbele, nimebonyeza nyuma. Tarehe ile, saa ile. 7.4.

Usiku ule umeme ulikatika, hilo nalikumbuka. Niliandika kwa mwanga wa simu, chumba kimejaa mashangazi. Nilikuwa nimekula pilau, vijiko vitatu nilivyovihesabu na vingine nisivyovihesabu, na sikutembea, maana usingeweza kutoka kwa jinsi watu walivyojaa mlangoni. Inawezekana nilisoma vibaya. Tarakimu za kile kipimo ni za vijistari, saba na sita gizani si kitu cha kukosea, lakini mwenye haraka hukosea. Nimejiuliza usiku kucha kama lililokosea ni jicho au ni moyo, na jibu sina. Najua tu kwamba nilitamani iwe 6.4.

Namba moja kati ya 56 haibadilishi matibabu, hilo najua. Nimeichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikaikata 6.4 kwa mstari mmoja ili bado isomeke, nikaandika 7.4 pembeni. Nikarudi kulala, na ndipo nikamkumbuka mtoto mmoja wa darasani kwangu.

Anakaa dawati la tatu upande wa dirisha. Muhula uliopita niliwapa maswali ishirini ya kugawanya, wakafanyie nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akipata saba, nane, akijitahidi sana kumi. Asubuhi akaleta ishirini kwa ishirini. Mwandiko umetulia, pambizo kapiga kwa rula, majibu kayazungushia duara. Nikamsimamisha. Nikamuuliza, na nakumbuka kabisa sikumuuliza kwa ukali, nilimuuliza huku natabasamu, "Nani amekufanyia?"

"Nimefanya mwenyewe, mwalimu."

"Yote ishirini?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, njoo ubaoni."

Akaja. Nikamwandikia 144 gawanya kwa 6. Darasa zima kimya. Chaki ilikuwa fupi, anaishika kwa ncha za vidole, akafanya taratibu, akashusha, akapata 24. Nikasema, "Kakae." Nikaendelea na somo.

Kakae. Ndilo neno nililompa.

Jana usiku nimejaribu kukumbuka alivyokuwa usoni anarudi dawatini na sikumbuki, kwa sababu sikumtazama, nilikuwa nafuta ubao. Ninachokumbuka ni kilichofuata, ambacho mpaka jana sikukipa maana. Tangu siku ile haleti tena daftari lake mezani kwangu mwenyewe. Wenzake wanasukumana kuwa wa kwanza kusahihishiwa, yeye anampa jirani yake amletee. Nilidhani ni aibu za kiume zinaanza mapema.

Leo asubuhi nimeingia darasani nikiwa nimejipanga kumwita pembeni. Wakati wa mapumziko nimemwona kwenye bomba la maji, ameinama anakinga kwa viganja, nimesogea mpaka hatua tatu hivi. Akanisikia, akasimama wima haraka, maji yanamdondoka kidevuni. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nikamwambia afunge bomba vizuri.

Nimekula mchana wangu, nimepima, 6.5, nimeandika, na mkono ulikuwa unatetemeka kidogo.

Kesho Ijumaa wanatoka mapema. Nataka nimwambie kabla hawajatoka, na nataka nimwambie mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake ndipo nilipomsimamisha. Maneno nimeyaandika nyuma ya daftari la sukari, chini ya jedwali la kuzidisha, nikayafuta, nikayaandika tena. Yanaanza na "siku ile ulipata ishirini". Zaidi ya hapo yanakuwa marefu, na watoto wa darasa la nne ukiwa na maneno marefu wanaanza kutazama nje.

Na Jumanne narudi kliniki. Nitabeba kipimo na daftari vyote viwili, mama mkwe amesema siku ile atapima kwa jirani, ana chake. Nitamwonyesha nesi ile 7.4 mwenyewe kabla hajafunua. Sijui nitatumia sauti gani. Mtoto humu ndani ananipiga mateke nikiandika haya, upande wa kulia chini ya mbavu, sehemu yake ya kila usiku.

Kitu kingine, na hiki nauliza ndugu zangu mliokuwepo harusini na mnaosoma hapa: ufunguo wa mlango wa uani haupo tangu Jumamosi. Ni wa shaba, una kamba nyekundu. Mara ya mwisho nimeuona kwenye msumari wa jikoni, mpishi wa pilau akiingiza kuni. Nimekung'uta mito, nimemwaga mpaka gunia la pili la machungwa. Tangu hapo kila usiku tunaegemeza kinu mlangoni, na baba watoto kesho anasafiri mpaka Jumatatu. Aliyeusahau kwenye mkoba wake anipigie hata usiku huu, sijalala.