Siku moja maishani mwangu: cherehani mchana, asumini jioni

Saa 11 alfajiri. Nikishasali natoka uani na upembo, kabla jua halijaanza kula harufu. Ua la mlangilangi likichanua huwa la kijani na halinuki cha maana. Linakaa mtini siku kadhaa likigeuka manjano, na hapo ndipo linapotia watu wazimu. Wenzetu wa Komoro, ambao huyachemsha wapate mafuta ya manukato, nao huchuma asubuhi na mapema. Mimi sichemshi, nachuma ya kujaza sahani.

Saa 1 asubuhi. Kumwagilia. Naiita bustani, lakini ni kiua tu nyuma ya nyumba hapa Ng'ambo, Unguja: mlangilangi mmoja, rehani kando ya ukuta, na asumini kwenye ndoo zilizotoboka na madumu yaliyokatwa shingo. Samadi ya mbuzi napewa na jirani. Asumini inataka jua na mkasi. Ukiionea huruma usiipogoe, inakupa majani matupu, maana tumba hutoka kwenye machipukizi mapya.

Saa 2. Sasa kazi inayonilisha. Cherehani liko barazani, na leo ni sare za shule, marinda juu ya marinda. Sahani ya langilangi naiweka karibu na mlango, na kila anayekuja kuchukua nguo anachukua na ua. Siku za mwanzo watu walikuwa wanauliza bei. Siku hizi wanauliza tu, "Fundi, leo yapo?"

Saa 3 na nusu. Kijana wa daladala ya Bububu anasimamisha gari katikati ya njia, abiria wanang'aka, yeye anaruka chini na kuchukua mawili ya kuweka mbele ya usukani. "Shikamoo mama, gari linanuka samaki tangu alfajiri!" Marahaba, nenda, unafunga njia.

Saa 7 mchana. Sala, wali na mchuzi wa pweza, usingizi kidogo. Halafu marinda tena.

Saa 10 alasiri. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Asumini hufunguka jioni, kwa hiyo tumba unalichuma kabla halijafunguka: jeupe, limenenepa, bado limefumba mdomo. Lenye ukijani unaliacha, hilo ni la kesho. Lililokwisha kufunguka nalo liache, ukilitunga litakuwa na kutu kabla ya asubuhi. Natandaza jani la mgomba mkekani, narashia maji, na watoto wa mtaa wanakaa na sindano zao nyembamba. Sindano inapita kwenye kikonyo, siyo kwenye tumba, na uzi uwe wa pamba. Ukivuta kwa pupa unalichana. Binti mmoja wa darasa la tatu ana mkono mwepesi kuliko mimi, na anajua, ndiyo maana anajidai.

Leo Alhamisi, nyumba nyingi zinafukiza udi usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo kila mtu anataka. Sioni sababu ya kubana. Asumini huwezi kuiweka akiba, ya leo kesho ni takataka. Wanaonishauri nifungue duka la maua ya plastiki nawashukuru, vumbi ninalo la kutosha.

Saa 11 na nusu jioni. Mgao. Bibi wa nyumba ya pili anaweka chini ya mto. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku anabandika kishada ndani ya mtandio, anasema dawa za wodini zinamchosha pua. Mzazi wa juzi namfungia kikuba: asumini, rehani na langilangi moja katikati.

Nyumba ya kona sipeleki maua. Dada yule yuko edani, kafiwa na mume, na manukato hagusi mpaka itimie miezi 4 na siku 10. Ila kumpita kimya nako naona vibaya. Nimemchomekea kipandikizi cha asumini kwenye kopo la maziwa, nimemwekea dirishani. Kameshika mizizi, katoa majani mawili. Anakamwagilia mwenyewe. Leo aliniuliza, "Dada, kitawahi?" Nikamwambia akipe jua la asubuhi, kikiwahi kitawahi.

Saa 3 usiku. Simu inaita. Ujumbe: "Fundi, Ijumaa ijayo tuna harusi, tunataka vishada 40 vya asumini. Bei gani?"

Namjibu: "Siuzi, mwanangu. Kwangu pekee hazifiki, lakini nyumba kadhaa mtaani zina vipandikizi vyangu, tutazunguka tuchume. Njoo saa 10 alasiri na shangazi zako, kila mtu na sindano yake."

"Na uzi?"

"Uzi upo. Mimi fundi."