Nilivyompitisha mpwa wangu kwenye jedwali la ukweli

Mpwa wangu anasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na likizo ya mwezi wa sita alikuja kwangu Tandahimba na daftari la mantiki. Jedwali la ukweli huorodhesha kila hali ya kauli P na Q, kweli au uongo, na kuonyesha sentensi nzima inakuwaje. Mistari miwili ya kwanza ya "kama P, basi Q" haikumsumbua: P kweli na Q kweli, sentensi ni kweli, P kweli na Q uongo, sentensi ni uongo. Ugomvi ulikuwa kwenye miwili ya chini: wa tatu, P uongo na Q kweli, na wa nne, zote uongo; yote miwili jedwali linasema sentensi ni kweli. "Mjomba, P yenyewe ni uongo, huo ukweli unatoka wapi?"

Tulikuwa kwenye kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, nikaanzia kwenye korosho. Karani wa chama cha msingi anaahidi: "Korosho yako ikiwa kavu, naipokea." Lini tutamwita mwongo? Pale tu umepeleka kavu akaikataa. Ukipeleka yenye unyevu akaikataa, hajavunja neno. Akiipokea (hutokea), ataulizwa na wakubwa wake, lakini ahadi yake iko palepale.

"Kutovunja ahadi si kusema kweli," akanijibu. Hoja nzito hiyo, na mfano wa karani hauwezi kuimaliza. Nikamwandikia: kama x ni zaidi ya 5, basi x ni zaidi ya 2. Ni kweli kwa kila namba? Bila shaka, akasema. Haya, weka 7: P kweli, Q kweli. Weka 3: P uongo, Q kweli. Weka 1: zote uongo. Ukikiri kwamba sentensi ni kweli kwa namba zote, mistari hiyo mitatu umeshaipokea. Ule wa P kweli na Q uongo ndio usio na namba. Akaanza kuitafuta kimyakimya, hadi namba hasi. Mimi ningefundisha darasa kwa kuanzia hapa, ahadi ije baadaye.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Kanuni hii hutajwa kuwa ya Philo wa Megara, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mwalimu wake Diodorus Cronus aliikataa. Mshairi Callimachus akawatania kwamba hata kunguru juu ya mapaa wanalumbana juu ya jambo hilo.

Kesho yake tukageuza sentensi. "Imepokelewa, basi ilikuwa kavu" inaanguka kwenye mstari wa tatu, ule wa korosho yenye unyevu iliyopokelewa. "Haikupokelewa, basi haikuwa kavu" inalingana na ya mwanzo mistari yote minne.

Mwisho nikampa: kama Mtwara iko Zanzibar, basi 2 + 2 = 5. Akaandika "kweli" huku akiguna, akauliza Mtwara na hesabu vinahusianaje. Nikamwambia havihusiani, na jedwali haliulizi uhusiano.