Nilivyochora Petro kwenye lipu mbichi

Kilichonivuta kwenye fresko, yaani uchoraji kwenye lipu mbichi, ni sehemu ndogo ya mchoro mmoja: Petro amechuchumaa kando ya ziwa, anatoa sarafu kinywani mwa samaki, kama tunavyosoma katika Mathayo 17. Masaccio, mchoraji wa Kiitalia, aliichora miaka ya 1420 katika kikanisa cha Brancacci, ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine mjini Firenze. Nilipopata nafasi ya mafunzo mafupi huko Italia, sikutaka kuiga kitu kingine.

Kazi inaanza na chokaa iliyozimwa kwa maji muda mrefu, ikalainika kama samli. Unaichanganya na mchanga safi. Sementi usiiguse, maana chumvi zake hutokeza baadaye na kuharibu picha. Rangi ni udongo na mawe yaliyosagwa, zinakorogwa kwa maji matupu. Chokaa ikikutana na hewa hurudi kuwa jiwe, na rangi inafungwa humo humo. Lipu ikishakauka, rangi ya maji haishiki tena.

Kwa hiyo mchoraji hupiga lipu ya kumtosha siku hiyo tu. Hapa ndipo Masaccio alipokuwa mwalimu wangu. Wachoraji wa zama zake walificha maungio ya siku kwa siku kwenye ukingo wa kichwa au pindo la vazi, na uso mmoja uliweza kula siku nzima. Nami nikajipimia siku ya kwanza uso, mikono na samaki, basi.

Nilitoboa mchoro wa karatasi kwa sindano, nikangoja hadi kidole hakinati kwenye lipu, kisha nikapigapiga kifuko cha unga wa mkaa juu ya vitundu ili mchoro uhamie kwenye lipu. Ubao niliopiga lipu niliuweka dirisha likiwa kulia kwangu. Masaccio alifanya mwanga wa picha utoke upande lilipo dirisha halisi la kikanisa, na nilitaka kuuona ukiangukia uso jinsi alivyouona yeye.

Chini ya ngozi nilipaka udongo wa kijani, juu yake manjano na nyekundu za udongo zilizopunguzwa kwa weupe wa chokaa. Rangi hufifia ikikauka, hivyo kila moja niliijaribu kwanza kwenye kipande cha tofali kikavu. Mwanzoni brashi inateleza. Baadaye lipu inaanza kuivuta rangi, na huo ndio wakati mtamu kuliko wote: shavu la Petro lilijaa kwa mipigo michache. Brashi ilipoanza kukwaruza niliacha, nikakata ukingo kwa kisu, mshazari, ili lipu ya kesho ipate pa kushikia.

Vazi la buluu lilisubiri lipu ikauke. Azuraiti, jiwe linalosagwa kupata rangi ya buluu, haipatani vizuri na chokaa mbichi, kwa hiyo niliipaka kwa kiini cha yai. Ndiyo sababu buluu imebanduka kwenye fresko nyingi za kale huku nyuso zikiwa bado nzima.