Ujitoe Wapi, Hujaingia

Slipu ya mshahara wangu wa tatu ndiyo ya kwanza kuisoma mstari kwa mstari. Zile mbili za mwanzo nilikimbilia chini kabisa, penye kinachobaki. Ilikuwa 2018. Nilikuwa nimekaa nyumbani na stashahada yangu ya uuguzi karibu miaka miwili, ajira zimesimamishwa kwa sababu ya uhakiki, mpaka nikapangiwa hospitali moja ya wilaya mkoani Singida. Mshahara shilingi 680,000. Kodi, bima ya afya asilimia 3, mfuko wa pensheni asilimia 5: hao wote niliwategemea. Ila kulikuwa na mwingine, 13,600, na pembeni yake jina la chama cha wafanyakazi. Mimi sijawahi kujiunga na chama chochote, hata cha kuzikana.

"Nenda kwa Katibu," dada niliyekuwa naye zamu aliniambia. "Ila mimi usinitaje."

Asubuhi nikakabidhi wodi na kwenda moja kwa moja maabara. Katibu wa tawi alikuwa mtu wa maabara, mvi kichwa kizima, miaka michache astaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Ngoja kidogo, huyu ana plasi tatu." Jicho halikutoka kwenye hadubini.

Nikangoja. Hasira niliyotoka nayo wodini ikaanza kupoa, na nilikuwa naihitaji. Alipomaliza kuandika majibu ya yule mgonjwa wa malaria nikamwekea slipu mezani.

"Nionyeshe niliposaini."

"Hukusaini."

"Sasa mnanikataje?"

Akavuta droo, akatoa kijitabu cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kurasa zimelegea kama Biblia ya mchungaji wa kijijini. Kifungu cha 72. Hiyo si ada ya uanachama, akasema, ni ada ya uwakala. Chama chenye wanachama wengi kikitambuliwa na mwajiri, kinaweza kukubaliana naye kwamba asiyejiunga naye achangie, kwa kuwa kikijadiliana kinajadiliana kwa niaba ya wote. Kukulazimisha uwe mwanachama hakiruhusiwi. Kukukata zaidi ya mwanachama, pia hakiruhusiwi.

"Basi mimi najitoa."

"Ujitoe wapi? Hujaingia."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Anayejitoa, akaendelea, ni mwanachama: anaandika notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Na akishajitoa anarudi kundi langu, anakatwa uwakala.

Nikamuuliza swali lililokuwa linaniuma kuliko hiyo 13,600: posho ya masaa ya ziada, miezi mitatu sijaiona. Kama chama kipo, kwa nini tusigome? Akarudisha miwani. Sheria imeiweka afya kapu moja na maji, umeme na zimamoto, akasema, huduma muhimu; huwezi tu kuamka ukaweka chini bomba la sindano. "Ya 2012 unayakumbuka?" Nilikuwa kidato cha nne. Nilikumbuka redio ya baba ikiutaja msitu wa Mabwepande, alikookotwa kiongozi wa madaktari waliogoma, kapigwa vibaya. Tukanyamaza kidogo, mashine ya kuzungushia damu ikilia peke yake.

"Mkutano wa tawi ni Jumamosi," akasema. "Unakaribishwa kusikiliza. Kura hupigi."

Nadhani hilo ndilo lililonisainisha. Si mapenzi ya chama, hilo niseme wazi. Kama nakatwa vyovyote vile, heri nikatwe nikiwa na mdomo. Akanipa fomu ya kuruhusu makato ya ada ya chama, TUF 6, nikaijaza pale pale juu ya friji ya vitendanishi. Slipu iliyofuata ilisoma 13,600 ile ile.

Mkutano ulikuwa kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, chini ya bango la chanjo. Tulifika kama thelathini. Mhazini akasoma: fulana na kofia za Mei Mosi, nauli za wajumbe, rambirambi mbili. Akafunga daftari. Nikanyoosha mkono, kidole kinatetemeka. Nikauliza mawili. Sheria inataka fedha za uwakala zikae akaunti ya peke yake, kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapa hapa. Ni akaunti gani? Na barua ya kudai masaa ya ziada imeandikwa lini?

Matroni aligeuka akanitazama kama nimemwaga dawa. Katibu, ambaye kijitabu chake ndicho kilichonifundisha kuuliza, alitazama dari. Swali la kwanza likajibiwa kwamba litafuatiliwa makao makuu. La pili, mzee mmoja wa mapokezi akaropoka, "Haijaandikwa!" na benchi zima la wahudumu likaanza kupiga makofi. Ikaandikwa pale pale, mwandiko wangu, tukasaini kumi na tisa. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana zamu.

Jumatatu Katibu alinikuta koridoni.

"Kumbe ulijiunga ili unisumbue."

"Ndiyo, mzee."

"Haya."

Barua akaipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi, kwa bodaboda, nauli yake. Baada ya wiki kadhaa tukalipwa mwezi mmoja. Ile miwili mpaka nahama bado nilikuwa naidai, na fulana ya Mei Mosi waliyonipa ilikuwa ya mtu wa kilo tisini.